Shuka la Bibi Kwandu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizopata kuvaa nguo nzuri. Ilikuwa asubuhi ya kumuaga mdogo wangu Kabula, aliyekuwa anaolewa Usagara, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Mwanza kama dagaa wa msimu.

Mimi Minza nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nauza mitumba soko la Buzuruga. Siisemi vibaya mitumba, ilitulisha. Ila ilinitia kiburi. Nyumbani kwetu Bujora kulikuwa na shuka zito la pamba, jeupe, lenye mistari miwili myeusi pembeni. Baba yake Bibi Kwandu ndiye aliyelifuma kwa mkono, na kila binti wa ukoo wetu alifunikwa nalo mabegani siku ya kwenda kwa mumewe. Mimi nililiona tambara tu. Nililichukua kimya kimya nikawa nalitandika chini ya nguo zangu sokoni, na siku kiroba changu kilipotoboka, nikakata pembe ya shuka nikatia kiraka.

Asubuhi ile Bibi akaniita. "Minza, mjukuu wangu, lete shuka."

Nikalileta limekunjwa. "Panya wamelila, Bibi," nikasema, kabla hata hajauliza.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo. "Panya wa siku hizi wanatumia mkasi?"

Shangazi zangu wakacheka. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu iliishia pale pale.

Bibi hakunigombeza. Alinikalisha karibu naye.

"Baba alipigilia vigingi chini, akatandaza nyuzi, akafuma hili toka mvua za kwanza mpaka mavuno. Pamba alisokota mama. Wanaume wengi wa kwetu walifuma hivyo. Halafu ikaja merikani, nguo ya dukani, nyepesi, ya bei nafuu, na watu wakavifanya vile vigingi kuni. Likabaki hili." Akanigeukia. "Na wewe ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo kama kiganja. Mama yako alikufungia humu kifuani mwezi mzima. Hakuna aliyedhani utaishi."

Hilo sikuwahi kuambiwa.

"Ni mimi, Bibi. Nimelikata mimi."

"Najua. Kipande kiko wapi?"

"Kwenye kiroba changu, chumbani."

"Kakifumue."

Nje wakwe walikuwa wameshafika na gari lao, wanapiga honi. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba Kabula atoke na kitenge kipya, yaishe. Kabula, ambaye alikuwa amevaa tayari, akatikisa kichwa. "Namsubiri dada," akasema, akakaa.

Nikakifumua kipande kile, nikakifua. Bibi akachukua pamba ya shambani, akasokota uzi juu ya paja lake, nami nikashona. Nilijichoma sindano mara nyingi, maana machozi hayashoni. Jua lilikuwa limepanda sana Kabula alipotoka amefunikwa shuka lenye mshono uliopinda, vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja wa upande wa mume akashika pindo lake, akauliza nani kafuma kitu kama hiki. Bibi akataja jina la baba yake kwa sauti, likasikika uani pote.

Mwaka ule nikamwomba Bibi anifundishe kufuma. Aliyoyakumbuka alinipa, na aliyoyasahau tuliyatafuta kwa kufuma, kufumua na kurudia. Shuka langu la kwanza lilikuwa kama wavu wa kuvulia. La tatu lilimpokea mtoto wa kwanza wa Kabula. Mitumba sikuiacha. Mchana sokoni, jioni kwenye nyuzi.

Basi nakuasa, mwanangu. Mwacha asili ni mtumwa, lakini sikukatazi kipya. Kivae, kiuze, kikulishe. Ila kabla hujaita kitu cha wazee tambara, uliza nani alikitengeneza na kilimpa nani joto. Ukikosea, sema mapema, kwani kosa lililosemwa bado linashoneka. Na wazee waulize sasa, wakiwa hai, maana kaburi halina majibu.

Mungu akujalie afya na nyumba yenye amani, na akupe wajukuu wenye maswali mengi, ukiwa bado na pumzi ya kuwajibu.