Bi Mwanakombo Anaonja Makumbi ya Kashata

Saa mbili asubuhi, Chamazi. Mwanakombo Kondo anachota unga wa makumbi ya nazi kutoka kwenye beseni, anauweka kwenye ncha ya ulimi, anautema.

"Bado una chumvi huu. Raudha, lete maji mengine!"

Raudha, mdogo wake, anabeba ndoo huku akicheka. Majirani nao wamezoea. Mwanzoni walidhani mama huyu wa miaka hamsini na mbili amepungukiwa akili, naye hakujisumbua kuwabishia.

Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akifukia makumbi kwenye tope la pwani hadi yalainike, kisha kuyapiga kwa gongo. Nyuzi huwauzia wasokota kamba, na siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na mbili. Unga unaobaki alikuwa akiutupa.

Mpaka alipokuja Hamdiya, binti wa muuza duka wa Tabata. Alikuwa na mjusi mdogo wa kufuga, Kashata, aliyenunuliwa kwa mfugaji mwenye kibali. Tandiko la mchanga lilimkausha, na la pumba za mbao za seremala likamvimbisha macho kwa dawa ya mbao. Binti alitaka tandiko linaloshika unyevu, maana mjusi asipopata unyevu hujivua ngozi kwa taabu.

"Nikampa kiroba kizima bure, tena kwa majigambo," anasema Mwanakombo.

Siku ya nne Hamdiya alirudi na kisanduku, machozi yakimtiririka. Kashata alikuwa amesinyaa, ngozi ya zamani imembana vidole kama uzi. Kama ingeendelea kubana, vidole vingekatika.

"Shikamoo, mama. Mbona anazidi kukauka, na mie namnyunyizia maji kila siku?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Mwanakombo akaonja ule unga. Chumvi tupu ya tope lake mwenyewe.

"Nilitamani ardhi ipasuke. Maji ya pwani niliyoyasifu miaka yote ndiyo yaliyokuwa yanamfyonza kiumbe wa watu."

Siku hiyohiyo akausuuza unga mwingine kwa maji baridi mara saba, hadi ulimi ukaridhika. Akauchekecha, akaondoa nyuzi ndefu zisije zikamezwa. Mwisho akaukamua ngumini. "Ushike tonge, usidondoshe maji," anaeleza.

Hamdiya akaondoka nao, na siku ya tatu simu ikalia.

"Mama! Ngozi imetoka yote! Vidole vyote ishirini vipo, nimehesabu mara mbili!"

Mwanakombo anakiri alikaa chini palepale uani akalia kwa furaha, gongo likiwa bado mkononi.

Sasa wafugaji wengine wanne wanachukua unga wake. Anadunduliza anunue tangi la kukinga mvua, kwani kila kiroba kinamaliza ndoo kumi za maji ya kununua.

Saa nne Hamdiya anafika kuchukua mzigo wa Kashata. Raudha anashika kamba afunge kiroba.

"Dada, umeshasuuza mara saba. Huna uhakika?"

"Hata kile kiroba cha kwanza nilikuwa na uhakika nacho," anajibu Mwanakombo, na kuonja tena.