Dobi Anayewauliza Matapeli Leseni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mashine tatu za kufulia zinanguruma kwa pamoja na sakafu ya saruji inatetemeka. Mwanamke mfupi, mikono ya sare imekunjwa hadi viwikoni, anachomoa shuka lililokauka, analikung'uta mara mbili na kumrushia mwenzake ncha moja. Wanalikunja bila hata kutazamana.

Kwenye dirisha la kukabidhia mashuka amesimama mpishi wa hospitali. Hakuleta shuka wala taulo. Ameleta simu.

"Mama Leseni, hebu niangalizie huu ujumbe. Wanasema nikiweka leo, mwezi ujao inarudi mara mbili."

"Nani wanasema?"

"Kampuni."

"Kampuni ya nani? Leseni yao namba ngapi? Imetolewa na nani?"

Mpishi anakuna kichwa. "Hawajaandika."

"Waulize. Wakikukasirikia, ndilo jibu lenyewe."

Mpishi anaondoka akicheka peke yake. Mama Leseni anarudi kwenye mashine. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki, akipokea mashuka mia sita mpaka mia nane kwa siku, yenye damu, dawa na kila kinachotoka kwa binadamu. Zamani watu walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku hizi hata daktari mkuu anamwita Mama Leseni.

"Mwanzoni walikuwa wananikejeli," anasema. "Nikalipokea. Jina la kejeli ukilivaa vizuri linageuka cheo."

Jina hilo alilinunua ghali. Miaka sita iliyopita alikuwa na akiba aliyoiweka kwa miaka tisa, sawa na mishahara yake ya miezi kumi na minne. Alitaka kununua mashine mbili na kukodi chumba, awe na udobi wake mwenyewe.

Wifi yake, dada wa mume, ndiye aliyemletea habari za kampuni iliyokuwa ikilipa faida kila Ijumaa. Wifi huyo anauza vitambaa na si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa ameshalipwa Ijumaa nne mfululizo, fedha taslimu, ndani ya bahasha yenye jina lake.

"Alinifuata kwa mapenzi," anasema Mama Leseni. "Hilo ndilo watu hawalielewi. Tapeli hakugongei mlango. Anamtuma anayekupenda."

Aliweka kidogo. Akalipwa Ijumaa tano. Kisha akaweka yote.

Ijumaa ya sita alikuta mlango umefungwa kwa kufuli mbili. Nje aliketi mlinzi wa kampuni, kofia mapajani, analia. Naye alikuwa amewekeza, na mshahara wake wa miezi mitatu hakuwa ameuona.

Kwa siku arobaini hakumwambia mtu. Alikwenda kazini, akafua, akarudi nyumbani, akapika. Mumewe, fundi rangi, alidhani ni mgonjwa na akamnunulia dawa za kuongeza damu. Siku alipozimaliza zile dawa ndipo aliposema.

"Nilingoja anipigie kelele. Yeye akaniuliza, 'Na dada yangu naye kapigwa?' Nikamwambia kapigwa. Akasema, 'Basi msigombane. Mwizi akivunja nyumba mbili, wenye nyumba hawapigani.'"

Kesho yake wawili hao, yeye na wifi, walikwenda polisi. Askari wa mapokezi aliandika maelezo yao, akainua kichwa na kuuliza swali moja: "Leseni yao mliiona?"

Hawakuiona. Hakuna aliyejua kwamba mtu anayekusanya fedha za watu ili aziwekeze lazima awe na leseni. Askari aliwaelekeza kwenye mamlaka inayosimamia mambo ya uwekezaji, jengo refu mjini, ghorofa ya tatu.

Mama Leseni alikwenda wiki hiyo hiyo, moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya udobi. Mtu wa mapokezi alimwangalia kuanzia viatu.

"Mama, nguo zinapelekwa mlango wa nyuma."

"Sijaleta nguo," alimjibu. "Nimeleta swali."

Alikaa saa mbili. Mwishowe ofisa wa malalamiko, binti aliyeweza kuwa mwanawe, alimketisha, akafungua daftari la kampuni zenye leseni na kumwonyesha. Kampuni ya Ijumaa haikuwamo. Haikuwahi kuwamo. Kisha binti yule, kwa sauti ya chini, akamwambia kwamba jina hilo lipo mahali pengine: kwenye orodha ya tahadhari, iliyobandikwa ukutani kwenye korido.

Akatoka kwenda kuisoma. Jina lilikuwa la nne kutoka juu. Tarehe iliyoandikwa mbele yake ilikuwa ya miezi minne kabla hajaweka hata senti.

Akisimulia hapa, anaweka chini kikapu alichoshika.

"Miezi minne! Walijua. Wameandika kwenye karatasi moja, wameibandika ghorofa ya tatu, karibu na choo. Sasa niambie, nani anapanda ghorofa ya tatu kwenda kusoma ukuta? Siku ile sikulia kwa ajili ya pesa. Nilipandwa na hasira. Nikasema, kama orodha haishuki ngazi, mimi nitaishusha."

Aliomba kalamu. Akainakili yote kwa mkono, majina kumi na saba. Alipewa pia kijitabu cha bure kinachoeleza haki za mwekezaji, lugha yake ngumu kama mfupa. Alikisoma kwa wiki tatu, wakati wa chai, akimuuliza mhasibu wa hospitali neno moja moja. Hatifungani ni nini? Ni kuikopesha serikali, ikurudishie na faida. Mfuko wa pamoja? Mnachanga wengi, anawekeza mtaalamu, na mtaalamu huyo lazima awe na leseni. Kila alichokielewa alikiandika kwa maneno yake, kwa herufi kubwa, na kukibandika kando ya dirisha la mashuka, chini ya ile orodha.

Mahali pale alipachagua kwa akili. Kila wadi hutuma mtu dirishani hapo, kila siku, na kila mtu husubiri. Anayesubiri husoma.

Karatasi ile ilikaa pale miaka minne. Iliwakera wachache, ikawachekesha wengi. Kisha, miaka miwili iliyopita, mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi, muuguzi mwandamizi anayeheshimiwa na wote, akamleta mshauri wa uwekezaji hospitalini.

Ukumbi ulijaa, watu kama mia mbili. Mshauri alivaa suti, akaleta soda, akaahidi asilimia kumi na mbili. Si kwa mwaka, kwa mwezi. Juu ya meza alisimamisha cheti ndani ya fremu.

Mama Leseni alinyoosha mkono. Hakupewa nafasi. Akainuka, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akavaa miwani, akakisoma cheti chote.

"Hiki ni cheti cha kusajili jina la biashara," akasema. "Hata mimi kesho naweza kukichukua, nikaandikwa Dobi na Wanawe. Leseni ya kupokea fedha za watu iko wapi?"

Ukumbi ulicheka. Mshauri naye akacheka. "Mama, mambo ya fedha ni mapana. Wewe tuachie haya, uendelee na mashuka."

"Mashuka yamenifundisha," akamjibu. "Doa ukilipiga pasi haliondoki, linaganda. Nionyeshe leseni."

Mshauri alimpa kipeperushi chenye namba ya simu. Piga hapo, akamwambia, utahakikishiwa kila kitu. Aliikataa. "Namba ya kumchunguza mtu huichukui mkononi mwake." Akatoa kile kijitabu mfukoni, akapiga namba ya mamlaka, akaweka sauti ya juu, akaitaja kampuni ya mshauri na kuinua simu.

Sauti ya mwanamke ilisikika ukumbini, inakwaruza lakini inaeleweka: kampuni hiyo haimo kwenye daftari letu, mama, usitoe fedha.

Mshauri alisema leseni ilikuwa njiani. Mwenyekiti alisema kikao kimevurugwa. Na watu, hiki ndicho kinachomuuma mpaka leo, wakaanza kupanga foleni.

"Thelathini na mmoja walijiandikisha jioni ile ile," anasema. "Mmojawapo ni huyu."

Anamwonyesha kwa kidevu mwenzake wa kukunja mashuka, rafiki yake kwa miaka kumi na moja. Mwenzake hakatai. "Nilimwona ana wivu," anasema. "Nilisema huyu alipigwa zamani, sasa kila mtu anamwona mwizi. Mtafunwa na nyoka huogopa unyasi, si ndiyo?"

"Na nyoka alikuwemo," anajibu Mama Leseni.

Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa kuvuruga kikao. Alihamishwa kutoka kwenye kunyoosha akapelekwa kuchambua nguo chafu, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa kwa zamu, kwa sababu harufu yake haivumiliki. Yeye aliifanya miezi mitatu mfululizo. Mwenyekiti alimtumia ujumbe aibandue ile orodha. Alijibu kwa barua: mwenye mamlaka ya kuibandua aje mwenyewe, atie sahihi kwamba ameibandua, na tarehe.

Hakuja mtu.

Simu moja ilikuja, ya sauti asiyoijua, ikimwambia wanajua anapofanya kazi. "Nikamwambia, vizuri, njoo na nguo chafu," anasema. Alipokata, alimpigia mumewe. Siku ile mumewe alimfuata kazini na kurudi naye, na akafanya hivyo mwezi mzima bila kusema anamlinda. Alisema anapenda kutembea.

Mwezi wa kwanza waliowekeza walilipwa. Mmoja alimletea soda dirishani, akaiweka juu ya orodha yake. Mwezi wa pili walilipwa nusu. Mwezi wa tatu namba za simu hazikupatikana, na ofisi ilikuwa na mpangaji mpya anayeuza viatu.

Wenzake walitarajia awacheke. Rafiki yake alikuja kwenye chumba cha nguo chafu, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

"Niliona aibu," anasema. "Akaniambia, 'Ingia, utazoea harufu. Una risiti?'"

Risiti ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyekuja. Risiti, ujumbe wa simu, jina la aliyepokea, tarehe. Aliwakusanya ishirini na saba waliokubali kujitokeza, akawapeleka ghorofa ya tatu kwa siku moja, wengine na sare zao za kazi. Safari hii mtu wa mapokezi hakutaja mlango wa nyuma. Kwa kuwa walikwenda mapema, akaunti moja ya kampuni ilizuiwa ikiwa bado na fedha. Baada ya miezi kumi kila mmoja alirudishiwa asilimia thelathini na nne ya alichoweka. Si nyingi. Yeye mwenyewe, katika ile ya Ijumaa, hakuwahi kurudishiwa chochote.

Mwenyekiti hakuwa miongoni mwa ishirini na saba hao. Alikuja peke yake baadaye, saa ya chai, na ikabainika kwamba alikuwa ameweka zaidi ya wote.

"Ile namba bado unayo?" akamuuliza.

"Iko ukutani," akamjibu. "Pale ulipotaka niibandue."

Kisha akamsogezea kiti na kumtafutia kalamu.

Sasa kila Jumatano, dakika ishirini za chai, watu huleta karatasi zao kwenye benchi la udobi. Wanatoka wadini, jikoni, hata nje ya hospitali. Anawauliza nani anasimamia kampuni hiyo, kwa nini wanaharakishwa, ukitaka kutoa fedha zako unazitoa vipi. Halafu wanapiga simu pamoja. Jambo moja hafanyi: hamwambii mtu aweke wapi fedha zake.

"Mimi si mshauri, sina leseni," anasema. "Nitawadaije wengine leseni nisiyokuwa nayo mimi?"

Akiba yake mwenyewe imeanza upya, kidogo kidogo, nusu kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi, nusu kwenye hatifungani aliyoinunua benki pamoja na wifi yake. Inampa kwa mwaka mzima karibu kile alichoahidi yule mshauri kwa mwezi. "Ni ndogo," anasema, "ila najua inalala wapi."

Anachokipigania sasa ni kikubwa zaidi ya dirisha lake. Anataka mamlaka ilazimike kubandika orodha ya tahadhari kwenye kila hospitali, soko, shule na kituo cha mabasi, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa akiwa amesimama. Ameandika barua tatu. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Kwa hiyo ameandika ya nne, na safari hii haitatumwa kwa posta. Ina sahihi mia mbili na kumi na nne, ya mwenyekiti ikiwa ya pili. Ameomba ruhusa ya siku nzima, ya kwanza katika miaka minne, na Alhamisi atamkabidhi barua hiyo mkononi mkurugenzi mkuu wa mamlaka.

Na kama mkurugenzi yuko kikaoni?

Anafunga mlango wa mashine kwa kiuno na kubonyeza kitufe.

"Nitamsubiri. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi nimesimama. Kukaa kwenye viti vyao laini hakutanichosha."