Meno ya Simba wa Jiwe

Clifford Oldroyd alikula ujana wake kwenye matanuri ya kiwanda cha chuma cha Rotherham, Uingereza, na mikono yake ilikuwa minene kama mikate. Kwa mikono hiyohiyo alikata kurasa za jarida kwa wembe, polepole, asichane hata herufi. Na kwa mikono hiyohiyo alimtoboa jicho rafiki yetu Royston Hinchliffe.

Jarida lenyewe lilikuwa la michezo ya mezani, ile ya kujifanya mashujaa. Mmoja anasimulia pango na mazimwi yake, wengine wanasema watafanya nini, dadu zinaamua nani afe. Kila toleo lilikuwa na kisa kipya katikati, na kisa hicho hakisomwi na mwingine ila msimuliaji. Kwetu msimuliaji alikuwa Clifford. Alizikata kurasa za kisa kwanza, ndipo sisi tukapewa jarida lililobaki. Kulichungulia toleo dukani kulikuwa sawa na kumwibia.

Kiwanda kilipofungwa, meza yetu ya Alhamisi, ghorofani juu ya baa, ndiyo pekee iliyomtoa Clifford kitandani. Lakini jarida nalo lilikuwa linatukimbia. Watu wazima waliacha kulinunua, wakaja watoto wa shule, na hao walitaka picha za vinyago vya askari vya madini ya risasi na rangi za kuvipaka. Visa vikapungua, kisha vikakoma. Clifford akawa anatutungia vya kwake, vibovu, na sisi tukipiga miayo kwa siri. Ndipo mwezi mmoja likatoka toleo lenye kisa. Alikuja amenyoa ndevu na kufunga tai.

Mashujaa wetu wakafika kwa simba wa jiwe, kinywa wazi, ufunguo kati ya meno. Nikasema naingiza mkono.

"Usiguse," Royston akasema. "Hayo meno yanafunga. Tumia mkuki."

Clifford akatazama kurasa zake, akamtazama Royston. "Umejuaje?"

"Cliff, hiki kisa nilishakicheza."

"Toleo limetoka wiki iliyopita. Umelisoma, mwizi we."

"Hebu ngoja, mzee, nikueleze..."

Hakungoja. Bilauri ya bia ilipasuka kwenye shavu la Royston, na kipande kilichobaki mkononi mwake Clifford akakirudisha palepale, mara ya pili, mara ya tatu. Damu ilifunika ramani. Nilimkaba Clifford shingo, akanivunja meno mawili kwa kiwiko bila hata kugeuka. Walipanda wanaume kutoka chini kumng'oa, na bado alikuwa anampiga Royston mateke ya mbavu huku akilia.

Mahakamani Royston, bandeji usoni, alieleza kwamba kisa kile alikicheza zamani, kwa msimuliaji mwingine, alipokuwa jeshini Ujerumani. Clifford akamfokea kutoka kizimbani kuwa ni mwongo. Hata mimi sikumwamini Royston. Clifford akafungwa.

Alipotoka, nilimpeleka kwenye mnada wa vitu vikuukuu ukumbini mwa kanisa. Alipekua rundo la majarida ya miaka ya mwanzo, enzi za wasomaji watu wazima, kabla yeye hajaujua mchezo. Akafungua moja, akanivuta nitazame. Ramani ileile. Simba yuleyule. Jina la kisa tu ndilo lililobadilishwa. Wahariri, mijitu mivivu, walikipika upya kiporo wakijua wasomaji wao sasa ni watoto ambao hawajakionja. Sisi wakongwe walishatuzika.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Royston. Alifungua mlango na kitambaa cheusi jichoni. Clifford akamwonyesha ukurasa.

"Ulisema kweli," akasema.

"Nilikuambia ungoje."

Clifford akaweka mkono wake wa kulia kwenye fremu ya mlango, pale kwenye bawaba, akatanua vidole. "Funga," akasema.

Nilidhani Royston atakataa. Aliufunga mlango kwa mwili mzima, nikasikia mifupa. Akaufungua kiasi cha mkono kutoka, kisha akaufunga tena, na komeo likaingia.

Garini, njiani kwenda hospitali, Clifford aliupakata ule mkono. Hakulalamika. Aliniuliza kama nadhani yule msimuliaji wa Ujerumani alikisimulia vizuri. Nikamwambia sijui. Akasema yeye alikuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo.