Oili Nyekundu ya Gari la Kabula

Oili ya giaboksi ina harufu yake. Ile ya injini hunuka moshi na masizi, lakini hii nyekundu ina utamu fulani wa mbali, kama dawa ya kikohozi iliyosahaulika dirishani juani. Nikiinusa popote, hata nikiwa napita tu mbele ya gereji ya watu nisiowajua, narudi Bujora kwenye uwanja wetu wa kichanga, asubuhi kabla ya shule. Baba ameinua boneti, na mdogo wangu Kabula amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa akingoja kazi yake. Nilikuwa darasa la sita. Yeye alikuwa la tatu, ingawa kwa umbo ungemdhania wa chekechea. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu Kanda ya Ziwa si mgeni. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wa mtu yeyote nyumbani.

Gari lile lilinunuliwa kwa ajili yake. Maumivu yakimshika, hata shuka lilikuwa mzigo juu ya miguu yake, na kabla ya gari alipelekwa mjini kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mama, akilia kwa kila shimo kuanzia Kisesa hadi hospitali. Siku moja waliporudi, baba alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Ukiumwa hutapanda tena pikipiki. Mimi baba yako nimesema." Akauza ng'ombe, akanunua gari dogo jeupe lililokwisha tumika. Majirani walimcheka. Mtu aliyezeeka kwenye lori la pamba, akipambana na gia kama anayeng'oa kisiki, leo ananunua otomatiki kama mke wa bosi! Baba alichagua otomatiki kwa sababu inabadili gia bila kushtuka, na mifupa ya Kabula haikutaka kushtuliwa.

Alilitunza gari lile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila asubuhi alichomoa dipstiki, ule ufito wa chuma wa kupimia oili, akaufuta kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, akauchovya tena, kisha akaushusha hadi usawa wa macho ya Kabula. Kusoma ilikuwa kazi ya Kabula, na ole wangu nikitangulia kusema. Ufito wa injini ulikuwa sawa siku zote. Ule wa giaboksi ndio uliomsumbua baba. "Imepita alama, baba," Kabula alisema, na kesho yake tena, "Bado imepita. Gari letu lina damu nyingi. Linigawie." Tulicheka wote. Baba alijua kwamba oili ikizidi si nzuri, na hapo alikuwa sahihi. Basi akachukua bomba la sindano na mrija wa dripu, vitu tulivyorudi navyo hospitalini safari moja, akaanza kuinyonya ile oili nyekundu na kuimimina kwenye chupa ya maji, kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka Kabula alipopiga makofi juu ya ndoo yake. Iko kwenye alama! Baba alifurahi kama mtu aliyemaliza kujenga.

Mzoea punda hapandi farasi. Maisha yake yote baba alipima oili ya lori alfajiri, injini imezimwa na imepoa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa injini. Hakuna aliyemwambia kwamba giaboksi ya otomatiki ina sheria nyingine, naye hakuuliza. Angemuuliza nani? Pale mtaani yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa.

Ilikuwa Jumamosi, jua linawaka. Kabula aliamka na tumbo limevimba upande wa kushoto, midomo imepauka, na kilichotutisha zaidi ni kwamba hakulalamika. Mama alimpakata kiti cha nyuma, mimi nikakaa mbele na chupa ya uji. Tulipita Igoma vizuri. Mbele ya Nyakato, kwenye mwinuko mdogo, injini ikapiga kelele na gari likabaki linajikokota. Baba akaegesha pembeni na kuzima injini. Akafungua boneti, akachomoa ule ufito, akaufuta, akautazama muda mrefu. "Oili ipo," akasema. "Gari limechoka na joto tu. Tulipumzishe." Tukalipumzisha. Likaenda kidogo, likagoma tena, akapima tena, na oili ilikuwepo tena. Dereva wa bodaboda alisimama akasema, "Shikamoo mzee, nipe huyo mtoto na mama yake, niwawahishe." Baba alimtazama Kabula, akatikisa kichwa. Alikuwa amemwahidi. Mama alipaza sauti, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikifanya mbele ya baba, akamwita kwa jina langu: "Baba Minza, mtoto anapoa!" Tulifika chini ya kilima cha hospitali tukiona mapaa yake juu, na hapo gari likanguruma pale pale bila kusogea hata hatua moja. Baba akamtoa Kabula na kukimbia naye mikononi, mama nyuma yake peku. Mimi niliachwa nilinde gari. Daktari alisema damu ilikuwa imejikusanya kwenye bandama na mwilini haikubaki. Alisema pia, kwa upole, kwamba tungewahi kidogo, pengine angepona.

Msibani watu walisema ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Niliyasikia maneno hayo hadi nikayachoka. Baada ya kuzika tulikwenda, baba na mimi, kwenye gereji ambako gari lilivutwa. Fundi alikuwa anatafuna muhogo. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akasogeza gia zote moja moja hadi mwisho na kurudi, kisha akashika dipstiki injini ikiwa bado inaunguruma. Baba akamzuia mkono. "Zima kwanza." Fundi akacheka. "Hii haipimwi imezimwa, mzee. Ukizima, oili yote inarudi chini, unaiona nyingi. Inapimwa inaunguruma, ya moto." Akautoa ufito, mkavu hadi ncha. "Mnaendeshaje gari kavu hivi?" Fundi hakujua yaliyotupata, maskini. Akamimina oili hadi alama, akajaribu gari, likaondoka laini kama siku ya kwanza. Baba alishika ukuta wa gereji kwa kiganja na hakuuachia.

Mama hajaambiwa hadi leo. Kwa miaka kadhaa nilimchukia baba, nasema wazi, kisha chuki ikaisha bila mimi kuifukuza, na kilichobaki ni huruma inayouma zaidi ya chuki. Siku hizi naishi Buhongwa, nina gari langu, na barabara ya Kisesa si ile tena. Magari mengi mapya hayana hata huo ufito. Giaboksi imefungwa, na mwenye gari haulizwi kitu. Mimi nilitafuta la zamani lililo nao. Nikienda Bujora, baba hutoka na kitambaa kabla sijamwamkia vizuri. "Usizime," huniambia. Hufungua boneti injini ikiunguruma, akachomoa, akafuta, akachovya na kuchomoa tena. Ana macho mazuri bado, angeweza kusoma mwenyewe. Lakini mkono wake huushusha ule ufito chini, chini kabisa, hadi usawa wa mtoto aliyesimama juu ya ndoo, na kungoja hapo. Nami huinama nikausoma. "Iko kwenye alama, baba," namwambia.