Mama Goti hadanganywi kwa kuruka

Asubuhi hii Mama Goti amechuchumaa sakafuni, kipande cha selotepu mdomoni, anabandika mstari wa kuanzia. Kitanda cha wagonjwa amekisogeza ukutani, na mpira mkubwa wa mazoezi ameusukuma chini ya sinki. Mlango uko wazi, na wagonjwa walio kwenye benchi la nje wanachungulia bila aibu.

Anayefanya mtihani ni refa wa mpira wa miguu, binti mrefu wanayemwita Kipenga. Akifaulu, Jumamosi anarudi kuchezesha mechi. Akishindwa, ataendelea kukaa jukwaani akiwatazama wenzake wakikimbia, kama alivyokaa tangu goti lake la kushoto lilipomsaliti katikati ya uwanja.

"Hakuna aliyenigusa," anasema huku akifunga kamba za viatu. "Niligeuka kumfuata mchezaji, mguu ukabaki, mwili ukaenda. Nikasikia 'ta!' Jioni goti limevimba kama boga. Nyumbani wakataka kulikanda kwa maji ya moto, lakini shangazi akagoma, akanileta hapa."

Mama Goti ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na jina hilo amepewa na wagonjwa. Lake halisi hata mhasibu wa kliniki hulikumbuka kwa shida.

Ana mtindo wake: mgonjwa akija, huanza kushika goti zima, lile lisilouma. Watu hulalamika. "Dada, si hilo!" Naye huwajibu, "Najua. Nataka hili linisimulie mwenzake alikuwaje." Kuna watu wamezaliwa na magoti yaliyolegea, na wengine yamekaza. Bila kulijua goti zima, anasema, utabaki kubahatisha tu.

Kwa Kipenga hakubahatisha. Alimlaza, akalikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akavuta. Mguu wa kulia uligoma. Wa kushoto ulimfuata mkono bila ubishi. Kano inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele ilikuwa imekatika.

Daktari wa mifupa alithibitisha kwa picha, na akaona kwamba gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, nalo limechanika ukingoni. Akaweka kano mpya, akalishona gegedu.

"Daktari akishashona, mgonjwa anadhani kazi imekwisha," anasema Mama Goti. "Kumbe ndiyo kwanza anakabidhiwa kwangu. Na mimi sina huruma."

Si kila goti linahitaji kisu, anaongeza haraka. Gegedu lililochanika kidogo, hasa kwa mtu mwenye umri, mara nyingi hutulia kwa mazoezi ya paja na uvumilivu. Goti lililokwama, lisilonyooka kabisa, humfanya ampigie daktari simu siku hiyohiyo.

Kazi hii imemharibu, anakiri. "Mume wangu hapendi kwenda nami harusini. Wenzangu wanaangalia bibi harusi, mimi naangalia nani anachechemea." Hata mwandishi wa makala haya hakupona. "Kiatu chako kimelika upande mmoja," aliambiwa kabla hajakaa. "Tukimaliza, panda kitandani."

Mtihani wenyewe si mgumu kuuelewa. Unaruka mbele kwa mguu mmoja, unatua kwa huohuo, unatulia. Kwanza mguu mzima, kisha uliopasuliwa. Wa pili ufikie angalau asilimia tisini ya umbali uliofikiwa na mwenzake.

Mwezi uliopita Kipenga alifaulu vizuri mno. Miguu yote miwili ilitua karibu mahali pamoja, benchi likapiga makofi. Mama Goti hakupiga.

"Mtu anayetaka kufika mbali hurusha mikono," anasema. "Huyu wakati wa mguu mzima mikono kaibana kama yuko kwenye foleni ya benki. Nikamwambia, mwanangu, mguu huu unauonea. Uachie!"

Kipenga anaangua kicheko. Alikuwa amepiga hesabu yake: kama mguu mbovu haufiki, basi na mzima usifike. "Mimi nawapa kadi wanaojiangusha makusudi," anasema. "Nikakamatwa kwa kosa lao."

Aliporudia kwa haki, mguu wa kushoto uliachwa mbali. Mama Goti alimweleza bila kuzunguka kwamba akirudi uwanjani na paja dhaifu, kano mpya inaweza kukatika kama ya kwanza. Kipenga alilia, akafuta machozi, akarudi kupanda stuli na kuchuchumaa kwa mguu mmoja.

Sasa amesimama mstarini. Anaanza na wa kulia, mikono inapaa, nusura aingie kwenye sinki. Benchi linaguna, maana amejipandishia mlima mwenyewe.

Zamu ya kushoto. Anaruka. Anatua, anayumba, mikono inatafuta hewa.

"Tulia," Mama Goti ananong'ona. "Tulia, mama, tulia..."

Goti limekunjika sawasawa juu ya vidole, haliangukii ndani. Ametulia. Mama Goti anapima kwa futi, anapima tena, anainua uso.

"Umefika, mwanangu. Na chenji imebaki."

Kelele zinalipuka. Babu mmoja anainua gongo lake juu kushangilia, anakumbuka bado analihitaji, analishusha upesi. Kipenga amemkumbatia Mama Goti, na Mama Goti, aliyesema hana huruma, analia kwa furaha mbele za watu.

Jumamosi hufanya kazi hadi jioni, ndiyo maana hajawahi kumwona mgonjwa wake yeyote akirudi uwanjani. Jumamosi hii anafunga mapema, anakwenda na shangazi wa Kipenga.

"Mpira wenyewe siujui, hata nani anafunga wapi sijui," anasema akikunja futi. "Wao wataangalia mpira. Mimi nitaangalia goti la kushoto. Likigeuka likasimama, nitashangilia peke yangu, na wanione mwehu."