Machi ya Mwaka Jana

Miaka kumi na moja, kila siku saa tatu asubuhi, nilikuwa naenda nyuma ya nyumba, kando ya nepia, yale majani ya ng'ombe, napima maji yaliyoingia kwenye mkebe wa mvua. Naandika kwa daftari, natuma kwa simu kwa watu wa hali ya hewa. Kazi ya kujitolea. Majirani hapa Sosiot walinicheka: si siku hizi kuna setilaiti, mama, hicho kimkebe ni cha nini? Nikawajibu vile binti wa ofisi yao ya hali ya hewa alinifundisha, kwamba setilaiti inaona mawingu kutoka juu, lakini haijui maji kiasi gani yamefika kwa majani chai yako. Namba zangu zilikuwa zinairekebisha, ndio ikisema panda, mtu apande. Niacheni nijivunie kidogo. Shamba ni la mzee, ng'ombe ni wa mzee, lakini hilo daftari lilikuwa langu.

Mwaka jana mwezi wa pili niliteleza kwa mtaro nikavunja mguu. Nikatibiwa Bomet, halafu dada yangu akanichukua kwake Sigor nipone, Machi yote. Kabla niondoke nilimwonyesha mume wangu mara mbili jinsi ya kupima. Akasema, "Mama watoto, nimesikia. Mimi si mtoto."

Na kweli, kila asubuhi simu ililia. "Chamgei. Umeamkaje? Leo ni milimita kumi na mbili." Kesho yake, nne. Siku moja akasema ng'ombe amepiga mkebe teke, maji yote yamemwagika, nikamgombeza kwa kumfungua mapema, naye akaniomba msamaha. Namba zote nilizituma kwa mkono wangu, nimelala, mguu ukiniuma. Sigor kulikuwa kukavu, lakini ukavu wa Sigor si habari. Nikamwambia dada, "Kwetu kunanyesha, Mungu ni mwema."

Nilirudi Aprili, mvua imeshafika, kila kitu kijani. Wiki ya pili binti wa ofisi akanipigia. Aliongea polepole, kama mtu anayeogopa.

"Mama, Machi yako ina mvua, lakini setilaiti haikuona wingu la mvua huko karibu mwezi mzima."

Wee! Nilimpasha. Nikamwambia hiyo setilaiti yake ipelekwe ikapimwe macho. Mzee wangu ni mzee wa kanisa, nimekaa naye miaka thelathini, hawezi kudanganya. Binti akasema pole, basi wataamini mkebe.

Nilipokata simu bado nilikuwa nachemka. Nikatoa daftari la mwaka uliotangulia, ili siku nyingine nimsomee jinsi Machi ya kwetu hunyesha. Kumi na mbili. Nne. Sufuri. Saba. Nikafungua na lile jipya, lenye mwandiko wa mzee, nikayaweka pamoja mezani. Namba kwa namba. Halafu pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa mwaka ule uliotangulia: "Ng'ombe amepiga mkebe. Maji yamemwagika." Tarehe ni ileile.

Alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza kama alienda hata siku moja.

"Nilienda siku mbili. Sufuri, sufuri. Sasa mtu ataandika sufuri mpaka lini? Machi ni Machi, mvua ya hapa tunaijua." Hakuweka hata kikombe chini. "Halafu ulikuwa mgonjwa, na ukisikia mvua unafurahi."

Hapo ndipo aliponiumiza zaidi. Nilimshukuru Mungu kwa mvua ya uongo, na mtu niliyemtetea alikuwa ananisikiliza nikishukuru.

Nilimpigia binti nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Asante, mama. Lakini wakubwa wataniuliza: kama hizi zilinakiliwa, zile zingine tutajuaje?" Waliondoa zote, miaka kumi na moja. Nilijaribu kuwakasirikia nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewatumia.

Bado naenda saa tatu. Napima, naandika, sina wa kumtumia. Juzi, baada ya mvua kubwa, manyunyu bado yakianguka, mzee alinifuata na mwavuli mpaka kwenye nepia, akanishikia, akauliza kwa upole, "Mama watoto, leo ni ngapi?"

Nikamwambia aangalie daftari la mwaka jana.