Siku Mal-hui Alipoketi

Mgahawani kwangu hapa mjini Pohang tunapika kitu kimoja tu: kitoweo cha kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na nyama ya nguruwe, kikali mpaka masikio yanawasha. Anayetaka kingine, mtaa ni mrefu, aendelee na safari yake. Sufuria huletwa mezani imefunikwa, huwekwa juu ya jiko dogo la gesi, na hapo ndipo sheria ya Mal-hui inapoanza: mteja hagusi kifuniko mpaka yeye aseme. Nimewaona mafundi wa kiwanda cha chuma, wanaume wenye shingo kama magogo, wakirudisha mikono mapajani kwa sababu kimwanamke kisichowafika begani kimewakaripia.

"Usiguse! Nimesema kimeiva?"

"Mama mdogo, njaa inaniua."

"Basi kufa taratibu. Bado dakika nne."

Kwetu mhudumu wa mgahawa huitwa mama mdogo hata na mtu asiyemjua, lakini Mal-hui ameitwa hivyo na watu wengi kiasi kwamba jina lake halisi tunalikumbuka wachache. Alikuja kwangu miaka ishirini na sita iliyopita, mjane wa miezi miwili, na Da-som wa mwaka mmoja mgongoni. Wiki ya kwanza aliunguza sufuria tatu. Nilitaka kumfukuza, sifichi. Kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama mbele ya sufuria iliyofunikwa, amefumba macho, anasikiliza. Mchuzi ukiwa bado mchanga, aliniambia, unapiga kelele nyingi. Ukishaiva unanguruma chinichini. Tangu siku ile sijatazama saa jikoni kwangu.

Da-som alikulia meza ya dirishani. Waliotoka zamu ya usiku ndio waliomfundisha hesabu za kuzidisha, huku wakinywa pombe ya soju saa mbili asubuhi, na kama kwa mwaka mzima msichana alishika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, lawama ni yao. Hata hivyo alisoma. Leo ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na mama yake akimtaja hunyoosha mgongo bila kujijua.

Mwaka jana Da-som akapata mchumba, Gyu-ho, kijana mpole wa mji wa Daegu. Kabla ya harusi, wazazi wa pande mbili lazima wakutane wale pamoja, na mlo huo si mchezo. Watu hukodi chumba cha faragha, vyakula vidogovidogo kwenye sahani nyingi, kila mmoja anaongea kama anasoma hotuba. Da-som alishachagua hoteli. Alikuwa na sababu zake. Mama yake Gyu-ho, Bibi Noh, ni mfamasia mwenye macho ya kupima, na alishamkataa mchumba wa mwanawe mkubwa kwenye mlo kama huo, kabla hata matunda hayajaletwa.

Mal-hui akagoma. Walibishana jikoni kwangu, nami nakata vitunguu najifanya sisikii.

"Mama, nakuomba. Hapa watu wote wanakula sufuria moja! Hatujazoeana hata majina, tuchovye vijiko pamoja?"

"Wewe umekula wapi miaka yote hii?"

"Hapa."

"Basi wanaokutaka waje waione sufuria iliyokulea. Asiyeitaka sufuria hakutaki wewe."

"Na nikikataliwa?"

Mal-hui alichukua kitambaa akafuta meza niliyotoka kuifuta mimi, akaifuta tena. Aliogopa, namjua. Lakini alijivunia kazi yake kuliko alivyoogopa, na kwa hilo nampenda.

Tatizo lililobaki ni kwamba Da-som alikuwa amewaambia wakwe watarajiwa kuwa mama yake "yuko kwenye mambo ya vyakula." Si uongo. Hata mwenye viwanda vya mchele yuko kwenye mambo ya vyakula.

Wakaja Jumamosi adhuhuri. Nilimfukuza Mal-hui jikoni nikapika mwenyewe. Alivaa suti mpya ya kijivu, akaketi meza ya dirishani, mikono magotini, hajui pa kuiweka. Mimi na yeye tumekula maelfu ya milo katika nyumba hii, yote tumesimama kando ya sinki.

Bibi Noh alitazama sufuria, akatazama vijiko, akaniita kwa adabu. Aliomba upawa na vibakuli vidogo, kila mtu achotewe chake. Nikavileta, midomo nimeibana. Mumewe, Mwalimu Ha, mwalimu mkuu mstaafu, masikini alikuwa ameshapata harufu. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Usiguse!" Mal-hui akafoka.

Mgahawa mzima uligeuka. Mwalimu Ha, aliyeongoza shule miaka kumi na mbili, akarudisha mkono kama mwanafunzi aliyeshikwa na kitumbua darasani. Mal-hui akawa mwekundu kuliko mchuzi.

"Samahani sana, mwalimu. Ni mazoea... Bado kidogo tu." Halafu, hata katika aibu ile, akatega sikio. "Haya. Sasa."

Mwalimu alifunua, akala, akafuta jasho kipara chote, akala tena. Gyu-ho naye hakuinua kichwa. Bibi Noh alichota kidogokidogo kwenye kibakuli chake, akauliza habari za hali ya hewa ya Pohang. Mal-hui hakula. Alisukuma nyama upande wa wageni na vijiti vyake, na hata wali hakuwa ameagiza.

Ndipo kengele ya meza ya tatu, walikoketi mafundi wa kiwanda, ikalia.

"Mama mdogo! Kimchi imetuishia huku!"

"Naja!"

Miguu yake ilifika kabla kichwa hakijakumbuka. Nilikuwa nimebeba sufuria mbili za moto, sikuweza kumzuia. Alitwaa koleo na mkasi, akakata kimchi mbele ya wale wanaume, akawaulizia na mgongo wa mwenzao aliyelazwa, na alipogeuka ndipo akaona meza ya dirishani yote inamtazama. Akarudi akaketi. Kwenye mkono wa suti ya kijivu kulikuwa na tone jekundu.

Bibi Noh akaweka kijiko chini.

"Kumbe unafanya kazi hapa?"

Da-som aliinama akakazia macho meza. Mimi nilizima feni ya jikoni ili nisikie.

"Ndiyo, mama Gyu-ho," Mal-hui akasema. Mgongo aliunyoosha, na mikono sasa ilikuwa juu ya meza, yenye makovu yake yote ya moto. "Miaka ishirini na sita. Nahudumia meza, nakata kimchi, naosha sufuria. Da-som amesomeshwa na kazi hii. Sijawahi kumpelekea mteja sufuria ambayo nisingempa mwanangu, na hakuna meza humu ninayoionea aibu. Nilitaka ulijue hili kabla ya harusi, tena ulione mwenyewe, usije ukasimuliwa."

Hata meza ya tatu walikuwa wameelewa sasa ni mlo gani wamevuruga. Mmoja alivua kofia, akaishika mapajani, kimchi yake hakuigusa.

Bahati mbaya wakaingia wateja wanne wapya, wasiojua lolote, wakaketi, wakabonyeza kengele. Nikaona magoti ya Mal-hui yakicheza chini ya meza. Kabla hajainuka, mkono ulimshika bega.

"Kaa, mama," Da-som akasema. Alikuwa amesimama, uso umemwiva, blauzi nyeupe ya hariri ambayo asubuhi hakutaka hata mvuke uiguse. Akapaza sauti, sauti ileile ya mama yake, "Naja!"

Alikuja jikoni akachukua sufuria bila kuniangalia, mabakuli manne ya wali ameyapanga juu ya mkono mmoja kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tano. Akaitua mezani, akawasha jiko. Mmoja wa wale wateja wapya akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Usiguse!" akasema Da-som.

Meza ya tatu waliangua kicheko, na Mwalimu Ha akacheka kuliko wote. Mimi nilijivuna kana kwamba nimemzaa mwenyewe, na nusu yake nadai ni yangu.

Bibi Noh hakucheka. Alimtazama Da-som akirudi kwenye kiti chake, akamtazama muda mrefu, mpaka msichana akaanza kuomba radhi.

"Mabakuli manne kwa mkono mmoja," Bibi Noh akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mama."

Bibi Noh akakisogeza kando kibakuli chake. Akazamisha kijiko ndani ya sufuria, palepale kijiko cha mumewe kilipokuwa, akanywa mchuzi, akanywa tena. Kisha, ingawa nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, akabonyeza kengele.

"Mama mdogo!" akaniita mimi. "Leta wali hapa. Mkwe mwenzangu hajatia kitu tumboni tangu tuketi."

Da-som akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikaenda nikachukua bakuli la wali, nikambebea Mal-hui kwa mikono miwili, nikaliweka mbele yake na kuinama kama tunavyomwinamia mgeni wa heshima. Miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kumhudumia hata mara moja. Alifunua kifuniko cha bakuli mwenyewe. Akaonja kijiko kimoja, akatafuna polepole, akaniinulia macho yaliyojaa machozi.

"Dada," akasema, "wali wenu umepoa."

Nikarudi jikoni kumletea mwingine.